Maboksi 37: Uchambuzi wa Kisa cha Barakoa Zilivyoisha Jioni Moja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha famasi moja ya mtaani, Dar es Salaam, niliyokuwa msimamizi wake Machi 2020. Jina la famasi, mtaa na watu wote nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Idadi za maboksi na bei zimetoka kwenye daftari letu la mauzo, lile la kaunta lenye jalada jekundu. Naandikia wenzangu wa nyuma ya dirisha: wafamasia, watoa dawa, wenye maduka. Najua mengi yameshasemwa kuhusu roho za watu wakati wa korona. Mimi nataka kuzungumzia saa tatu tu za Jumatatu moja, kwa sababu nikizirudia kwenye daftari naona hadithi tofauti na ile tuliyokuwa tukisimuliana wenyewe.

Duka na watu wake

Famasi ina dirisha moja la kuhudumia, kabati la vioo na stoo ndogo nyuma, na ipo hatua chache kutoka kituo cha daladala. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeanza na duka la dawa muhimu, akakua taratibu. Dirishani kulikuwa na watoa dawa wawili, mmoja mzoefu, ambaye wateja wote walimwita "dokta", na mwingine aliyekuwa na miezi mitano kazini. Mimi nilikuwa na ajira nyingine mchana. Nilifika dukani jioni, foleni ya magari ikiniruhusu. Wanaoijua kazi hii wanajua mpango huo ni wa kawaida, na wanajua pia kwamba kisheria si wa kujivunia.

Barakoa hazikuwa bidhaa ya maana kwetu. Hata jina lilikuwa bado halijakaa mdomoni. Wateja walisema "maski", au "kile cha madaktari cha kuziba pua". Barakoa kwa watu wa pwani ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiomani na Unguja ya zamani, kitu cha kwenye picha za mabibi. Tuliuza boksi la vipande 50 kwa shilingi 8,000, na kimoja kimoja 200. Kwa wiki yalitoka maboksi matatu, mengi yakienda zahanati ya jirani na saluni mbili. Boksi moja la kila mwezi lilikuwa la dada mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe nyumbani. Mume alikuwa kwenye dawa za saratani, na hospitali ilimwambia mkewe kinga ya mgonjwa imeshuka, kwa hiyo anayemhudumia avae.

Ishara ya Februari, ambayo tuliifurahia

Katikati ya Februari alikuja kijana ambaye hatukuwahi kumwona, akanunua maboksi 60 kwa mpigo. Hakuomba hata kupunguziwa. Alipoulizwa ni ya wapi, akasema kuna mzigo unakusanywa kwenda nje. Ilikuwa mauzo makubwa kuliko yote ya mwezi na tuliyafurahia. Mama mwenye duka alinunulia watu soda.

Habari zilikuwepo. China, iliyokuwa ikitengeneza karibu nusu ya barakoa zote duniani kabla ya mlipuko, ilikuwa sasa inazitafuta yenyewe. India ilishazuia kuuza vifaa kinga nje tangu mwisho wa Januari. Tarehe 3 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba bei ya barakoa za kitabibu imepanda mara sita tangu mlipuko uanze, na kwamba watumishi wa afya duniani watahitaji barakoa milioni 89 kila mwezi. Nilisoma taarifa hiyo kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Haikunijia kwamba inahusu stoo yetu. Niliagiza maboksi 40 kujaza yaliyotoka, kwa bei ileile ya zamani kidogo juu, nikaona nimefanya kazi.

Jumatatu, 16 Machi

Ijumaa iliyotangulia Kenya ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza, na Jumamosi Rwanda. Kwetu watu walianza kuulizia, lakini kwa utani zaidi. Jumatatu Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa Tanzania, msafiri aliyetoka Ubelgiji na kuingilia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla. Asubuhi ya siku hiyo stoo yetu ilikuwa na maboksi 42.

Daftari linaonyesha hivi. Saa kumi na robo jioni: maboksi 10, mteja mmoja, alikuja na bodaboda iliyomsubiri bila kuzima injini. Dakika chache baadaye: maboksi 6, mama wa ofisi fulani. Kisha 4, baba aliyesema ana watu tisa nyumbani. Kisha 12, na huyu tulimfahamu vizuri: jirani yetu mwenye kibanda cha simu na vocha ng'ambo ya barabara. Kisha 3. Kisha 2. Wateja sita, maboksi 37, kabla ya saa kumi na mbili.

Mtoa dawa mzoefu aliniambia baadaye kwamba kwa muda wote huo duka halikuwa limejaa. Foleni ya kweli, ile iliyofika kwenye kituo cha daladala, ilianza saa kumi na mbili, watu walipotoka kazini wakiwa wamesoma habari njiani. Wakati huo ndani yalibaki maboksi matano.

Nilifika saa moja na nusu. Niliikuta foleni, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikaomba daftari. Nikatoa amri pale pale: mwisho barakoa mbili kwa mtu, bei ileile ya 200. Mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa alicheka. Akasema, "Mwanangu, sisi tulipanga foleni ya sabuni na unga, leo mnatupanga foleni ya kitambaa cha pua." Kizazi chake hakihitaji kueleweshwa ulanguzi ni nini. Waliishi 1983, wakati wa vita ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, ambapo watu waliamka asubuhi wakakuta marobota ya khanga na mifuko ya sukari imetupwa vichakani, wenye mali wakiogopa msako.

Tuliuza vipande 150 kwa watu 75. Baada ya hapo nikaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibandika kwenye kioo: BARAKOA ZIMEISHA.

Mwenye kufuata hesabu ameshaona tatizo. Maboksi matano ni vipande 250, na tuliuza 150. Hilo nitalirudia.

Jumanne na Jumatano

Jumanne asubuhi tangazo langu lilikuwa limepigwa picha na kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, pamoja na maneno ambayo mimi sikuyaandika: "dawa zimeisha". Siku hiyohiyo Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kufunga shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita kwa siku 30. Kufika saa nne asubuhi foleni ilikuwa ndefu kuliko ya jana, na sasa watu walitaka kila kitu: vidonge vya vitamini C, Panadol, azuma (dawa ya antibayotiki), glavu, spiriti. Panadol tulikuwa nayo ya miezi miwili. Iliondoka katoni kwa katoni. Watu walinunua glavu wakazivaa hapohapo, wakapanda nazo daladala, wakashika bomba, na wengine niliwaona kwa macho yangu wakila mihogo nazo.

Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa ametoa meza nje. Juu yake alipanga barakoa kwenye sahani ya plastiki, akaifunika kwa nailoni. Kila moja shilingi 2,000. Nilivuka kumsalimia. Boksi lilikuwa chini ya meza, na kibandiko chetu cha bei kilikuwa bado kipo, kimekwanguliwa kwa kucha: ile 8 imetoka, sifuri zote tatu zimebaki. Alipoona nimeona, akasema tu, "Kaka, biashara." Maboksi yake 12 yalimgharimu shilingi 96,000. Kwa 2,000 kila kipande yangempa milioni moja na laki mbili, na nadhani sehemu kubwa ilimfikia, maana kufikia Alhamisi sahani ilikuwa tupu.

Saa tano akaja dada anayeuguza. Alisimama kwenye foleni kama wengine, hakusema yeye ni mteja wa kila mwezi. Mtoa dawa mdogo alimwambia hakuna. Akauliza zitakuja lini, akaambiwa labda Ijumaa. Akavuka barabara kwa jirani akanunua tano, shilingi 10,000, zaidi ya boksi zima alilozoea kununua kwetu.

Jumatano akaja nesi wa zahanati kutafuta spiriti na glavu. Spiriti yetu yote, dumu nne za lita tano, ilikuwa imeondoka Jumanne kwa watu waliotaka kujichanganyia vitakasa mikono nyumbani. Zahanati ilikuwa na wajawazito wawili chumbani. Nesi hakupandisha sauti. Aliniuliza kitu kimoja: "Dokta, hata mimi hukuniwekea?"

Maamuzi na sababu zake

Jumatano usiku tulikaa watu wanne, duka likiwa limefungwa. Kikao hicho hakikuwa kizuri.

Kwanza yale maboksi mawili yaliyokosekana kwenye hesabu ya Jumatatu. Mtoa dawa mdogo alikiri mwenyewe kabla hatujauliza: yeye na mwenzake waliyaweka chini ya kaunta Jumatatu, boksi kwa kila mmoja, "ya nyumbani". Mama alitaka kumwondoa mmoja awe mfano. Nilikataa, na sababu yangu haikuwa huruma. Hawa watu wawili walisimama saa kumi na mbili kwa siku wakipumuliwa na mtaa mzima kupitia dirisha la nusu mita, na si mimi wala Mama aliyewapa hata kipande kimoja. Walijichukulia kile ambacho tungepaswa kuwapa. Tuliafikiana yarudi, kila mtu wa dirishani apate mbili kwa siku kwenye daftari, na zinazobaki ziende zahanati kesho asubuhi. Zilikwenda 80.

Jambo la pili lilikuwa bei. Msambazaji wetu wa Kariakoo alikuwa amefika 50,000 kwa boksi, fedha taslimu, risiti hatoi. Mama alitaka tununue tuuze 2,000 kama jirani. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kodi ya fremu ilikuwa inakaribia, na watu wanaonunua kwa jirani wananunua mali yetu, faida inakwenda kwake. Mimi nilitaka tusinunue kabisa. Tukaishia katikati. Tukanunua maboksi 10, kila kipande kikatugharimu 1,000, tukauza 1,200.

La tatu ni vitakasa mikono. Niliijua kanuni ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya lita 10: mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, halafu maji yaliyochemshwa yakapoa hadi lita 10 itimie, na kuacha saa 72 kabla ya kutumia. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini hatukuwa na kibali cha kutengeneza, na ethanoli ya uhakika ilikuwa imepotea mjini. Waliokuwa wakiuza "sanitaiza" za chupa za maji kandokando ya kituo hawakujali hilo. Chupa niliyoinunua kwao ilinukia marashi na ilitoa povu, na spiriti haitoi povu. Tukaamua hatuchanganyi. Badala yake tukaweka sabuni ya mche, iliyokatwa vipande, juu ya kaunta ya famasi.

Nne: daftari la akiba. Wateja wenye ugonjwa wenye kuhitaji barakoa, na zahanati, wawekewe kwanza, kinachobaki ndiyo kiuzwe. Anayeingia kwenye daftari awe na cheti au kadi ya kliniki.

La tano lilitoka kwa mtoa dawa mdogo, mmoja wa wale wawili waliokuwa hatarini kufukuzwa. Alisema tusiuze boksi lililofungwa, tufungue yote. Kila mteja atolewe zake mbili kwa kibano, ziwekwe kwenye bahasha ya dawa, zile ndogo za kuandikia "1 x 3", na aondoke nazo.

Matokeo

Bahasha zilifanya kazi kuliko chochote. Mtu wa kulangua anataka boksi lenye nailoni yake. Vipande viwili ndani ya bahasha ya dawa yenye mhuri wa famasi havina soko mezani, kwa sababu mnunuzi anavishuku. Jirani mwenyewe alikuja siku moja, akapewa bahasha, akaigeuzageuza, akacheka, akaondoka nayo bila kuomba nyingine.

Kikomo cha mbili kwa mtu, chenyewe kikiwa peke yake, kilivuja. Watoto walitumwa mmoja mmoja. Mama mmoja alikuja mara tatu, mara ya tatu akiwa amebadilisha mtandio. Bodaboda walilipwa kusimama. Hatukubishana na yeyote, hatukuwa na nguvu hiyo, na kwa hesabu ya daftari uvujaji wote huo kwa wiki nzima haukufikia boksi moja.

Bei ya 1,200 ilitupatia matusi. Tuliuza kwa faida ya 200 kwa kipande na tukaitwa wezi, na aliyetuita hivyo hakuwa na kosa, kwani wiki iliyopita kitu hichohicho tulimuuzia kwa 200. Hatukuwa na risiti ya Kariakoo ya kumwonyesha. Serikali wakati huo ilishaanza kuwaonya wanaopandisha bei ya vifaa kinga, na kila gari jeupe lililosimama nje lilinifanya niangalie mlango. Kenya mamlaka ya ushindani ilikwenda mbali zaidi wiki hiyohiyo: iliamuru duka kuu moja lirudishe fedha kwa wateja lililowauzia vitakasa mikono kwa bei iliyopandishwa. Mwisho wa yote, maboksi matatu kati ya yale kumi hatukuyauza kamwe kwa bei hiyo.

Ahadi ya "labda Ijumaa" ilituumiza. Mtoa dawa aliisema kwa nia njema, mtaa ukaiondoa ile "labda". Ijumaa watu walikuja kweli, mzigo haukuja, na kioo cha dirisha kilipata ufa ambao upo hadi leo.

Sabuni haikuuzika. Tuliwaambia watu kwamba kirusi hiki kina ganda la mafuta na sabuni yoyote inalivunja, mradi usugue kwa sekunde 20. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akasema: "Dokta, nimekuja famasi kununua dawa ya korona, wewe unaniuzia sabuni ya kufulia?" Mama alitumia miche iliyobaki kufulia nyumbani kwake hadi Mei.

Uhaba wenyewe ulimalizwa na mafundi cherehani. Kufikia Aprili kila fundi wa mtaa alikuwa anashona barakoa za kitenge na khanga kutoka kwenye vipande vilivyobaki, kwanza 1,000, kisha 500. Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha mwongozo wake tarehe 5 Juni na kupendekeza barakoa za kitambaa kwa umma, mtaa wetu ulikuwa umeshafika huko bila kuusoma. Hofu ikahamia sokoni, kwenye malimao na tangawizi za kujifukizia. Hiyo haikuwa kazi ya famasi tena.

Uchambuzi

Kwa miezi mingi tulisimulia kisa hiki kama kisa cha umati: watu walivyochanganyikiwa, walivyomaliza duka. Daftari linakataa. Umati, watu 75, ulipata vipande 150. Watu sita walipata 1,850, na walivipata wakati duka limetulia, wakisema tafadhali na asante. Foleni tuliyoiogopa ilikuja kukuta tayari kumemalizika. Na aliyefungua mlango wa hao sita ni sisi, kwa sababu hatukuwa na kanuni yoyote inayomruhusu msichana wa dirishani kumwambia mtu mwenye fedha mkononi, "Hapana, mbili tu." Kila alichojifunza kazini kilimwambia kinyume: mteja wa maboksi kumi ni baraka. Siku hiyo aliuza mauzo ya miezi mitatu kwa saa mbili. Alinipigia simu kunipa habari njema, na sikupokea, nilikuwa zamu.

Ni rahisi kuwaweka wote sita kapu moja la ubinafsi, lakini hawakai. Jirani alilangua, basi. Yule wa bodaboda sijui, ila nakisia. Mama wa ofisi alikuwa na wafanyakazi wake, na kwa nafasi yake mimi pia ningechukua sita. Baba wa watu tisa aliogopa tu. Uzuri wa kikomo ni kwamba hakimlazimu mtoa dawa kupima moyo wa mtu dirishani. Anampa jirani mbili, anampa baba mbili, na hakuna aliyetuhumiwa. Tulipojaribu kupima mioyo, kwenye daftari la akiba, tulianza kupata tabu mara moja: shemeji wa Mama aliingia bila cheti, na mjumbe wa mtaa akamtuma kijana na salamu. Tukampa mjumbe. Naandika hili kwa kuwa kila mwenye duka ataletewa salamu za namna hiyo, na asijidanganye kwamba atakuwa shujaa. Dawa yake tuliipata baadaye: daftari likae zahanati kwa nesi, sisi tutoe tu kwa waliomo.

Tangazo la BARAKOA ZIMEISHA ndilo kosa langu kubwa zaidi baada ya Februari. Lilikuwa kweli, na lilitosha kuhamisha hofu kutoka kwenye kitu kilichoisha hadi kwenye vitu vilivyokuwapo tele. Tulipolibadilisha Alhamisi kwa karatasi inayotaja kilichopo (Panadol ipo, dawa za presha na sukari zipo, ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ipo) foleni ya vitu hivyo ilipungua siku ileile. Mtu anayeona Panadol ipo leo na kesho hana sababu ya kubeba katoni. Lakini karatasi hiyo isitaje siku ya mzigo kuja, kamwe, hata kwa labda.

Kuhusu azuma sina la kujitetea. Sheria inataka cheti, sisi tuliuza bila cheti kabla ya korona, na wiki ile tuliuza zaidi. Dozi zilikwenda kwenye makabati ya watu wasio na ugonjwa. Ukiwa umeshazoea kulegeza siku za amani, siku ya hofu huna pa kushika.

Februari narudi kwake kila nikifundisha kisa hiki. Mnunuzi wa maboksi 60 alikuwa taarifa bora kuliko zote tulizopata, na ilikuja mwezi mzima kabla. Sasa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kuna mstari: bidhaa yoyote ikitoka kwa siku moja zaidi ya mauzo yake ya mwezi, msimamizi apigiwe na asipopokea mauzo yasimame. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, mtoa dawa alisimamisha boksi la nne la glavu saa tatu asubuhi. Alikuwa mteja wa kawaida kabisa, mwenye saluni anayehamia jengo kubwa, na alikasirika.

Tusichokubaliana hadi leo

Mimi na Mama hatujamaliza ubishi kuhusu bei. Yeye anasema 1,200 ilikuwa upuuzi wa kujionyesha: tulipata matusi ya mlanguzi na faida ya mtakatifu, na ufa wa kioo juu yake. Anasema kama tungeuza 2,000, foleni ingepungua yenyewe na wenye shida kweli wangepata. Mimi namkumbusha dada anayeuguza, aliyelipa 10,000 kwa vipande vitano: shida yake ilikuwa ya kweli kuliko ya wote, na fedha ndiyo aliyokuwa hana. Mama ananijibu kwamba dada huyo kwetu hakupata hata kwa bei yoyote, kwa jirani alipata.

Yale maboksi matatu ya shilingi 50,000 bado yapo juu ya kabati la stoo. Muda wake wa matumizi umeshapita, na Mama hataki yatupwe.